Bwawa Halijui Mjomba ni Nani

Mpendwa mjukuu wangu Salome,

Mapeasi yamezaa, yameiva, yameoza chini, na wewe hujakanyaga hapa. Lushoto imehama? Anayeniandikia ni mke wa mchungaji, na nimemkataza kulainisha neno hata moja.

Unakumbuka siku ulipoweka hadubini juu ya meza yangu, ukaniambia nifumbe jicho moja? Nikawaona wale wadudu wa bwawa la majitaka ya shule, lile ulilotuchimbishia wewe, kila mmoja juu ya kikonyo chake, wanatikisa vichwa kama kwaya. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukasema, "Bibi, hawa ndio wanaokula uchafu. Wakitulia, jua sumu imeingia."

Safari yako ya mwisho walikuwa wametulia. Ulipanda mlima ukichota maji kwenye chemba za bomba la majitaka, moja baada ya nyingine, mpaka ile iliyo kando ya shamba la nyanya la mjomba wako Elia. Ukarudi, ukaacha ugali wangu mezani, ukaondoka. Ulijua. Ukaona mjomba hasemwi, ukakimbia na heshima yako.

Heshima gani hiyo? Bwawa limekuwa jeusi, linanuka mpaka kanisani. Maji yake ndiyo yanayoshuka kwenye mifereji ya mboga zetu. Mchicha wangu nimeung'oa wote nikautupa. Na watu hawamsemi Elia, wanakusema wewe. Wanataka bwawa la Salome lifukiwe.

Nikapanda mwenyewe, na magoti haya. Nikamkuta mwanangu anasuuza pampu ya dawa, anamimina kwenye chemba. Nikamuuliza kama ana akili. Akanijibu taratibu kabisa, "Mama, si Salome alituambia bwawa linakula uchafu? Nikimwaga mtoni, watoto watakunywa."

Umesikia? Anadhani anatuokoa. Nimemweleza kwamba dawa yake inawaua walaji wenyewe, akacheka, akaniuliza hayo nimeyasoma darasa la ngapi. Anasema atayaamini akiyasikia kwako. Nina hasira naye, lakini nina hasira zaidi na wewe, maana yeye hajui na wewe unajua. Na mgongo huu huu ndio uliowabeba wote wawili.

Ukija, usianzie kwangu. Panda moja kwa moja kwa mjomba wako, umpe shikamoo yake kamili, kisha uweke hadubini mezani kwake na umfumbishe jicho moja. Halafu mshuke wote. Ugali mtaukuta wa moto.

Mimi bibi yako, mama yake Elia