Mimi Uliniitia Mlinzi

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nakusalimu kwa sababu nimelelewa vizuri. Mimi mzima, magoti tu, na roho inachemka.

Nimesafiri kutwa nzima kuja hospitalini kumwona kaka yangu, na wewe, muuguzi niliyekubeba mgongoni, ukaniitia mlinzi. Baba yako alisikia yote kutoka chumbani kwake. Kosa langu kuwapa wagonjwa mkono. Ulitaka niwapite vitandani kama napita nguzo? Hata yule binti wa dirishani, aliyepasuliwa tumbo, nilimwekea sawa bandeji iliyolegea, akanishukuru. Wewe ndiye uliyeninunia.

Shangazi yako, kama bado unaniita hivyo

9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Pole na magoti. Baba anakula kidogo, homa haijashuka.

Na mimi nimekasirika, kwa hiyo tuko sawa. Nilikueleza pale mlangoni kwa nini Baba amewekwa peke yake: kidonda chake kina vijidudu sugu, karibu dawa zote tulizonazo haziviui. Nikakupa glavu. Ukazivua, eti humshiki ndugu yako kwa plastiki. Ukamfuta usaha, hukunawa, ukazunguka wadi nzima na mkono uleule. Yule binti sasa ana homa, na kidonda chake kimekutwa na vijidudu vilevile vya Baba. Ana mtoto anayenyonya. Usije tena mpaka nikuite.

Mwanao

15 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo la kusema sijambo. Nimelia, usidhani mimi jiwe.

Nilipomaliza kulia nikakumbuka jambo. Siku ile daktari mkubwa alikuja na wanafunzi wake. Alifunua kidonda cha kaka yangu kwa mikono mitupu, akatoka, akalipita bomba la maji hapo mlangoni, akaenda moja kwa moja kumbonyeza yule binti tumbo. Wewe ulikuwa umemshikia faili, unatabasamu. Mimi uliniitia mlinzi. Yeye ulimwitia nani?

Huwa anafanya hivyo kila siku? Nijibu hilo tu.

Shangazi yako

28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Kila siku.

Yule binti amefariki. Mama yake alikuja kuchukua nguo zake, kitoto kikiwa mgongoni. Kesho yake daktari alipotoka kwa Baba nilimzibia njia nikamwambia, "Nawa kwanza, dokta." Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Alinawa, na kabla ya jioni nilikuwa nimehamishiwa stoo ya mashuka kwa utovu wa adabu. Wenzangu wote wameufyata. Kama ni mkono wako au wa daktari uliompelekea binti vijidudu, hatutajua kamwe, na hilo linanila. Baba yuko kule bila wa kumsemea. Njoo, nakuomba.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Pole na hayo mashuka.

Nakuja Jumatatu, kabla huyo mkubwa hajapita wadini. Nitanawa hadi viwikoni, nitavaa plastiki zenu, na wagonjwa nitawasalimia kwa mdomo nikiwa mbali. Yetu mimi na wewe bado, tutayamaliza nyumbani. Nitaweka kiti changu kando ya lile bomba, na akitoka kwa kaka yangu atanikuta hapo. Akitaka aite mlinzi, tunajuana. Mimi hana stoo ya kunihamishia.

Shangazi yako