Kikombe cha Kwanza kwa Aliyeunguza

Ghorofani, juu ya duka la dobi,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na cherehani zako zinalia kutwa nzima kama kawaida. Je, kikohozi cha Mjomba kimemwachia? Na pacha, bado wanagombania kitanda cha dirishani? Sisi huku hatujambo, tena tumezidi. Mimi nimenenepa. Mume wangu anasema ni furaha. Mimi nasema ni mkate wa asubuhi, maana ananiletea kitandani ungali moto, na mwanamume akikuletea mkate huku anatabasamu vile, utakataaje?

Najua unacheka. Cheka tu. Goti lilipokuzuia kuja harusini nililia, nikakuwekea kipande cha keki mpaka kikawa kigumu kama tofali. Mwishowe tulikila wenyewe kwa kukichovya kwenye chai. Utusamehe.

Sasa nijibu lile swali lako. Uliandika kwamba umesikia nimeolewa na mtu anayeendesha biashara yake Kikristo, ukataka kujua kama Ukristo huo unafika mpaka kwenye beseni la kufulia au umetundikwa ukutani tu. Wewe ndiye uliyenipa jina la Maswali nikiwa bado natambaa, lakini hilo lako lilinizidi. Nimekuwa nalo tangu nilipoanza kusimama kaunta, nikipokea nguo na kuzibandika namba.

Kwanza, ukutani hakuna kitu ila saa iliyosimama. Asubuhi tunaomba kwa kifupi kabla ya kuwasha mashine, na asiyetaka haombi. Mpeleka nguo wetu, tunayemwita Haraka kwa sababu hajawahi kufika popote mapema, si mtu wa kanisa lolote. Yeye hungoja nje akifuta pikipiki, wala hakuna anayemnunia. Jumapili duka linafungwa, na kila mtu anapumzika, hata bosi.

Halafu kuna chai. Shangazi, hii ndiyo iliyonifanya nimpende mume wangu mara ya pili. Saa nne tunaacha kazi wote, birika linawekwa juu ya meza ya kukunjia nguo, na kabla ya kumimina, aliyeharibu kitu anasema. Wenzake wanamjibu "tumesikia", kisha yeye ndiye anayemiminiwa kikombe cha kwanza. Hatukanwi, hafukuzwi. Bosi mwenyewe ndiye anayekwenda kumwomba mteja radhi. Alianzisha desturi hii aliporithi duka, akasema kama Bwana ametusamehe sisi, duka lake halitakuwa mahali pa mtu kuficha kosa kwa woga. Siku niliyoiona kwa mara ya kwanza nilibaki nikimkodolea macho mpaka chai ikanimwagikia viatuni.

Lakini unanijua. Nikishapenda kitu, naanza kukiuliza maswali.

Muda mfupi baada ya harusi, joho la hariri la kwaya liliungua mgongoni. Wakati wa chai, Mama Mvuke akakiri. Huyu ndiye mpiga pasi wetu, mama mwenye mdomo mtamu, aliyekuwa hapa tangu enzi za baba mkwe. Kabla hatujamjibu, mfuaji akadakia kwamba hapana, ni yeye, huenda alizidisha dawa. Haraka naye akasema alilikunja vibaya kwenye pikipiki, ingawa joho lenyewe lilikuwa halijatoka dukani. Kila mmoja alitaka kumbebea mwenzake. Basi ikawa vikombe vya kwanza vitatu, tukasameheana mpaka machozi, tukarudi kazini. Hakuna aliyeuliza joho liliunguaje.

Likaungua gauni. Ikaungua shali. Kila mara Mama Mvuke alikiri, na kila mara tulimsamehe kwa uzuri zaidi. Na kila mara alizidi kunyamaza. Yule aliyekuwa akinitania kwamba mikono yangu iko kwa mteja na macho yangu kwa bwana, akaacha hata kunitania. Jumatatu alimwambia mume wangu kwamba wiki hii ikiisha, naye anaondoka. Alisema mikono imezeeka, na amechoka kunywa kikombe cha kwanza.

Mume wangu alipanda ngazi siku hiyo kama aliyebeba gunia. Alitaka arudi kumwambia tena kwamba amesamehewa. Nikamuuliza kama ana hakika kwamba ni mikono. Akanijibu kwa upole wake ule kwamba dukani kwake watu hawachunguzani. Lilikuwa jibu zuri, Shangazi, na lilinikera. Nikajiuliza kama kusamehe ndiyo kufumba macho. Wewe unaonaje?

Alhamisi Mama Mvuke aliomba ruhusa aende akapimwe macho. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu ya kumnyooshea mume wangu shati lake la harusi, lile la hariri la rangi ya maziwa, alivae kanisani. Nilitaka nilipige pasi kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye meza ya Mama Mvuke, kwa pasi yake. Nikageuza kidude cha joto mpaka kwenye alama ya hariri, chini kabisa, nikaishusha pasi kifuani, palepale nilipolaza kichwa tukipigwa picha. Nikasikia harufu. Kuinua, alama ya pasi hiyo hapo, kahawia, ncha imeelekea kola.

Nililia kwanza. Kisha nikaacha kulia, maana niliitazama mikono yangu, na hii haijazeeka.

Ijumaa, birika lilipoletwa, niliinua shati wote walione. Haraka akasema sasa moyo wa bosi unaonekana kwa nje. Wakacheka wote isipokuwa Mama Mvuke. Nikasema, "Nimeunguza. Ila naomba msinisamehe kwanza. Naomba mniulize ilikuwaje."

Hakuna aliyejua ashike wapi. Mwishowe Mama Mvuke ndiye aliyeniuliza, taratibu, niliweka alama gani. Nilipomwambia, aliinuka, akawasha pasi, akaiweka kwenye alama ileile, akatafuta kipande cha hariri kilichochakaa. Tukamzunguka. Pasi ilipogusa tu, kitambaa kikajikunja na kuwa kahawia mbele yetu. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukililia.

Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa mlangoni, uso umemshuka.

Akaja mpaka mezani. Alisema ni yeye aliyeidondosha pasi ile, siku ya kuamkia harusi, alipomaliza kunyoosha shati hilohilo. Ilipowaka tena aliirudisha mahali pake bila kupima joto lake, akajiahidi atasema kesho, na kesho yake alikuwa ananioa. Gauni lilipoungua, jambo hilo lilimpitia kichwani, akalisukuma pembeni. "Ilikuwa rahisi kusamehe kuliko kukumbuka," akasema. "Mama, nimekuacha ubebe kosa langu. Naomba unisamehe."

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho mimi, Maswali mzima, sikuwahi kukiuliza. Siku zote yeye ndiye aliyemimina. Sikuwahi kumwona akimiminiwa.

Mama Mvuke alimpokonya birika, akamimina, akamnyooshea kikombe bila kukiachia.

"Tumesikia, mwanangu," akasema. "Umesamehewa. Kunywa, kisha ukaninunulie pasi."

Alikunywa akiwa amesimama, chai ikamuunguza ulimi, akatoka. Alirudi na pasi mpya, na kabla ya kufunga duka alikuwa amewapitia wote, watu wa kwaya, mwenye gauni na mwenye shali, akiwaambia kwamba aliyeharibu ni yeye. Jana Mama Mvuke alifika kabla yetu. Alipoona napokea nguo akaniambia niangalie nisimbandike bwana namba. Sasa, tukishasema "tumesikia", kuna mtu lazima aulize ilikuwaje, na bosi ndiye anayeulizwa wa kwanza.

Kwa hiyo, Shangazi, nadhani Ukristo huo unafika mpaka kwenye beseni. Ulichelewa kidogo tu kufika kwa mwenye beseni. Na kwako je? Mafundi wako wakikosea wanakwambia wewe. Ukikosea wewe, unamwambia nani? Usinikasirikie, nauliza tu.

Leo asubuhi nilimtolea shati jingine. Akalivaa lile lililoungua, na koti akaliacha nyumbani. Mchungaji alipolitazama kifuani mlangoni pa kanisa, mume wangu alimwelezea ilikuwaje, yote, huku amenishika mkono. Sijawahi kumwona mwanamume aliyependeza vile.

Nisalimie Mjomba, umwambie aache kuvaa kandambili kwenye baridi. Nisalimie pacha, na Bibi, umbusu kwa niaba yangu kwenye shavu lile lenye kishimo. Mungu akulindie goti, kazi na wote wanaokula kwa mikono yako.

Wako akupendaye, sasa pamoja na mwenzangu anayekupenda kabla ya kukuona,

Maswali