Nyumba ya Mwingereza Nimeibomoa Mimi

Fundi wangu Abdala,

Nakuandikia nikiwa Quionga. Tumerudi. Siku zako za mwisho kule kambini bara, tulikokimbilia vita, uliniuliza, "Sufo, nyumba ingalipo?" Nikakujibu ipo. Sikukudanganya. Siku ile ilikuwepo.

Sasa haipo, na aliyeibomoa ni mimi.

Tulikuta kijiji majivu matupu. Nyumba zetu za udongo na makuti zote zimeteketea. Nyumba ya Mwingereza peke yake ilikuwa imesimama, haina bati, haina madirisha, matofali yake mekundu yameshika moshi. Nilikaa chini nikalia. Nilikumbuka siku yangu ya kwanza ya kazi, uliponisimamisha mbele ya ukuta ule: mstari mmoja matofali yamelala kwa urefu, mstari wa juu yake yametoa vichwa nje, hivyo hivyo mpaka darini. "Tazama yanavyoshikana," ulisema. Ukanihadithia Mwingereza mwenye shamba la minazi aliyeyaleta kwa meli, na baba yako aliyemchotea mchanga. Ulicheka mpaka machozi ukinionyesha lile jiko la kuotea moto alilojenga ukutani, kwa joto letu hili! Wakaja Wareno wakakaa, baada ya uhuru ikawa shule, na wewe ukaitunza miaka yote. Saruji uliikataza kabisa. "Saruji inakaba, Sufo. Chokaa inaliacha tofali lipumue."

Vijana walianza kuipiga nyundo kubwa, wapate matofali ya kujengea kwao. Nusu yalivunjika. Shefe wa kijiji akanijia: "Wewe ndiye unayeijua. Ibomoe wewe, yatoke mazima."

Nilikataa. Mvua ikanyesha siku mbili. Zaina, mke wangu, alikuwa amempakata mtoto chini ya turubai, maji yanapita miguuni pake. Hakupaza sauti. "Fundi Abdala amekufa," aliniambia. "Hawa wako hai."

Nikachukua tindo na nyundo, nikaanzia juu.

Fundi, chokaa yako iliachia. Tofali moja moja, zima, safi. Ingekuwa saruji ningeshindwa, ningewaambia haiwezekani, wangeniacha. Wiki tatu nilibomoa. Nilipofika kwenye upinde wa mlango wa mbele, ule tulioujenga upya mwaka niliooa, nilitoa tofali la katikati na wote ukashuka kwa pamoja. Siku ile sikuweza tena. Nilikaa kwenye vumbi mpaka Zaina akaja kunichukua.

Sasa kila nyumba ina mistari miwili mitatu ya matofali yale, juu yake udongo. Na yangu pia. Watoto wanalala pakavu. Watu wananishukuru, wananiita Fundi, na mimi naona haya kuitika. Pale nyumba ilipokuwa wanalala mbuzi. Mwanangu mdogo ameshaniuliza palikuwa na nini.

Siwezi kukuahidi kuijenga tena. Hakuna mikono, hakuna chokaa, na wewe hupo wa kunikosoa. Ninachokuahidi ni hiki: njia ya bara ikifunguka, nitakuja mpaka kaburini kwako, nikae chini, nikuambie haya yote kwa mdomo wangu. Kwenye karatasi ni rahisi mno.

Kwa heri, Fundi wangu. Mungu akurehemu. Msamaha sikuombi, maana hata ukinipa sitajua.

Mwanafunzi wako,
Sufo