Waya Niliouamuru Ukatwe

Dukani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako. Kile kifua kinachokubana wakati wa baridi kimetulia? Usiniambie u mzima ili kuniridhisha tu. Aliyemzika mama yake akiangalia kwenye kioo cha simu hawezi kuwa mzima. Mimi nguvu zipo, mashine ya fotokopi bado naibeba peke yangu, ila chakula hakipiti.

Umeniuliza kwa nini mama yako alikata roho bila ndugu hata mmoja kando yake. Nilikujibu kwamba hospitali hawakupiga simu, na wewe ukasema utawaandikia wakubwa wao ili yule nesi aadhibiwe. Mpwa wangu, nilikudanganya. Umezoea uongo wangu, ule wa chatu niliyempiga fundo, lakini huu haukuwa wa kuchekesha.

Jumatatu dada alipolazwa waliniomba namba. Simu ya mkononi nabadili laini kila nikisikia ofa, kwa hiyo nikatoa namba ya simu ya mezani ya dukani. Nikamwambia nesi, kifua mbele, kwamba namba hiyo ina miaka ishirini na sita, na watoto wa mtaani kwetu wanaijua kabla hawajajua majina yao.

Jumatano akaja fundi wa intaneti. Yetu ilipita kwenye waya huohuo wa simu, ikijikokota. Mteja anaanza kujaza fomu hana ndevu, anamaliza anazo. Fundi akanieleza njia zisizohitaji waya ule. Kuna faiba, ule waya mwembamba wa kioo, lakini haujafika mtaani kwetu. Kuna dishi la juu ya bati, bei yake inakimbiza watu. Na kuna kiruta, kijisanduku chenye laini ndani kama simu ya mkononi, unakichomeka kwenye umeme, basi. Nikachukua kiruta.

Kabla ya kukata waya aliniuliza, "Mzee, namba hii kuna mtu anaitegemea? Naweza kuihamishia kwenye simu yako. Fomu moja tu, nusu saa imekwisha."

Duka lilikuwa limejaa, na mimi sikutaka kuonekana mtu wa zamani. Nikamjibu, "Fundi, siku hizi nani anapiga simu ya mezani? Kata, mimi nimeshahamia karne hii, wewe ndiye unachelewa." Wateja wakacheka. Mimi nikacheka kuwazidi. Hospitali haikunijia akilini hata kidogo.

Alhamisi saa nne asubuhi mama yako alizidiwa ghafla. Saa hiyo nilikuwa namwonyesha kinyozi wa jirani jinsi karatasi zinavyotoka kabla mteja hajamaliza kusema anataka nini. Kutoka hapa hadi hospitali ni dakika kumi kwa miguu. Ningekimbia kwa tano, na hapo sijisifu.

Nilifika saa saba na mfuko wa machungwa. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Nesi hakunigombeza. Alipiga mara tatu, mpwa wangu, mara tatu. Aliniambia kwamba ya tatu ilipokosa kupokelewa, mama yako alitabasamu, akasema, "Mwache tu, dada. Huyo kaka yangu kapata mteja wa kumwongopea. Akimaliza atakuja."

Mama wa nyumbani kwangu anakusalimu. Jana nilimsimulia yote, na tangu hapo tunapishana mlangoni kama wapangaji. Nisalimie mkeo na wale mapacha. Usiwaambie haya mpaka utakapoona inafaa.

Mungu akufute machozi huko ambako mkono wangu haufiki.

Ile barua ya hospitali usiitume kwao. Yule nesi asipoteze kazi yake, hana kosa. Iandike hivyohivyo ilivyo kali, uitume kwangu.

Ndimi niliyekupenda kabla hujaota meno,

Mjomba