Msamaria Mwenye Ndevu Nyekundu

Jumapili, 9 Machi 2025
Hapa Sweden, mtaa mzima wa Hässelby hakuna anayenizidi kwa historia. Hata mchungaji akikwama hunitazama mimi. Leo baada ya ibada mpwa wangu Mélissa kaniuliza: mjomba, unawajua Wasamaria? Kazi ya shule — Wasamaria wakati Waislamu walipoanza kutawala. Nikacheka. Mimi nimebebwa na Msamaria! Kule kambi ya wakimbizi, mto umefurika, jamaa mrefu mwenye ndevu nyekundu akanivusha mgongoni, mimi na baiskeli yangu. Mélissa akaandika kwenye simu. Sikumzuia. Elimu haizuiwi.

Jumanne, 11 Machi
Mélissa kapiga simu. Salamu kwa Kiswahili, mengine yote Kiswidi. Mwalimu amefurahi, darasa zima ni yeye tu mwenye shahidi aliye hai. Alhamisi niende nihojiwe. Somo hili linamshinda, akianguka tena hapati cheti. Nimesema nitavaa suti.

Jumatano, 12 Machi
Nimepita kwa jirani Khamis, mtu wa Tanga, anayesoma vitabu vya Kiarabu. Nilitaka kuongezea kidogo tu. Amefunga, lakini kaniwekea kahawa. Nikanywa, ya kwangu na ile ambayo angekunywa yeye.
Anasema Wasamaria wako Nablus toka kale, na mlima wao na Torati yao. Waarabu walipoingia, wao ndio waliowaonyesha njia na kuwapelelezea habari za Warumi. Wakasamehewa kodi ya ardhi. Akaja khalifa Yazid, akairudisha. Wengine wakasilimu, wengine wapo hadi leo, wachache.
Nikauliza: na mwema ni yupi kati yao?
Khamis akaviondoa vikombe. Halafu: "Bwana Térence, hao ni taifa la watu. Kwani wewe ulidhani nini?"
Nikasema nilikuwa nampima.
"Na yule wako wa ndevu, alitoka Nablus?"
Nikaaga. Mtu aliyefunga hachoshwi.

Alhamisi, 13 Machi
Shuleni Sundbyberg. Naandika kwenye korido, suti inabana. Kwa kioo cha mlango namwona Mélissa mbele ya darasa. Mlima. Wapelelezi. Kodi. Yazid. Yote anayo, mtoto huyu, hakuhitaji mtu. Picha ya mwisho kwenye skrini ni yangu, ile niliyopigwa siku ya ubatizo wake.
Katoka mara moja. "Mjomba, mwalimu atauliza tu umejuaje kwamba ni Msamaria. Anapenda sana *källkritik*." Yaani habari imetoka wapi. Nikamwambia ngoja nikumbuke vizuri. Kashika mlango, ananisubiri.
Ndevu zilikuwepo. Alikuwa Mnorwe wa kugawa maharage, kambi nzima tulimwita Msamaria. Mto ulikuwa mfereji.
Mpaka jana nilijua Msamaria ni kazi, kama nesi. Nilipofika Sweden wakaniuliza nataka kufanya kazi gani. Nikajaza: Msamaria.