Bangi ya Ubongoni

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimeganda tena! Mbele ya Kidato cha Tatu, chaki mkononi, na mkufunzi wangu Otuoma nyuma ya darasa na fomu yake. Moyo mbio, viganja maji, sauti imekata. Dakika nne nzima. Watoto wakaanza kucheka. Baadaye Otuoma akasema atarudi Jumanne ya wiki ijayo — nikiganda tena, mazoezi ya kufundisha nayarudia mwakani. Mwaka mzima! Nina miaka ishirini na sita mimi, nitamwambia nini mama?

Jumatano, 16 Julai

Nimesoma kwenye simu mpaka chaji imeisha. Kumbe ubongo unatengeneza bangi yake wenyewe! Si utani. Ukishtuka, inatoka kidogo, inaituliza hofu. Hata kusahau yaliyokutisha zamani inasaidia. Ila ukiishi na wasiwasi kila siku, inapungua. Basi yangu imekauka kabisa. Wanasema kukimbia kunaiongeza. Kesho alfajiri — ziwani.

Kosa langu: nimemsimulia Shimba, mtoto wa shangazi ninayekaa kwake. Kacheka mpaka kakaa chini. Eti dada, mbio za nini, ya kununua si ipo?

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya pili nakimbia mpaka mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, na kurudi. Miguu inauma, hofu iko palepale. Akina mama wa dagaa wameniuliza nafukuzwa na nani. Nimeongeza mwendo.

Jioni nimetengeneza zana ya somo: ubongo wa magazeti na uji wa muhogo, vipande viwili, unafunguka katikati. Umependeza, jamani.

Jumapili, 20 Julai

Shimba kaniletea msokoto. Mmoja tu, wa Jumanne asubuhi. Ningemtupia usoni. Sikumtupia. Najua ya kuvuta inaweza hata kuizidisha hofu — nimesoma mwenyewe. Na polisi je? Lakini mwaka mzima…

Shangazi Wilhelmina ni mzee wa kanisa, na mikoba yetu anaipekua bila hodi. Msokoto nimeuficha ndani ya ubongo wa magazeti, nikafunga kwa mpira. Nikacheka peke yangu. Halafu nikalia.

Jumanne, 22 Julai. Saa mbili na robo, ofisi ya walimu

Leo imekuja, bangi yangu ya ubongoni! Kule kwenye mawe ya ziwani, nikikimbia, kifua kikafunguka ghafla. Nimeimba njia nzima. Shikamoo yangu imemshtua shangazi. Chai, chapati mbili, nikabeba vitu vyangu nikaondoka. Sijavuta kitu. Sihitaji!

Otuoma nimemkuta ameshafika. Nimemsalimu bila kutetemeka. Akaomba andalio la somo na zana, avikague kabla ya kipindi, kama wakufunzi wote wafanyavyo. Nikampa vyote kwa mikono miwili, natabasamu.

Amekaa meza ya pili kutoka hapa. Andalio amelimaliza. Kasema hongera mwalimu, leo umetulia.

Nimetulia mno. Nilitaka ubongo unisahaulishe — umenisahaulisha kweli. Nimekumbuka kilichomo sasa hivi tu, yeye akinyoosha mkono kuuchukua ule wa magazeti. Naandika ili mikono ipate kazi.

Anauzungusha. Anausifu. Anauliza, mwalimu, huu unafunguka?