Mguu wa Masanja

Nyarugusu, Alhamisi, 13 Oktoba 1983

Usingizi hauji. Naandika yaliyotokea leo.

Mganga wetu alikuwa amekwenda Geita kufuata dawa. Zahanatini nilibaki peke yangu, mimi mhudumu wa kufagia na kuchemsha sindano. Saa nne wachimbaji wakamleta Masanja. Kifusi kilimwangukia shimoni, paja limevunjika, na alikuwa akilia "Mayu! Mayu!" kama mtoto anayemwita mama yake.

Niliufunga mguu kwa mbao mbili na kanga yangu, kama nilivyomwona Mganga akifanya. Baadaye nikagusa vidole vyake. Vimepoa, vimeanza kubadilika rangi. Nilikuwa nimekaza mno! Nikalegeza huku nikimwomba Mungu. Vikapata joto polepole, ndipo tukampakia kwenye lori la pamba kwenda hospitali.

Njiani lori lilikutana na Mganga akirudi, akautazama ule mguu. Alipofika jioni aliniuliza, "Nani kamfunga yule?"

"Ni mimi, Mganga. Mwanzo nilikaza sana, mguu ukapoa."

Nilidhani ndiyo basi. Jumatatu ni usaili wa chuo cha waganga wasaidizi, na bila barua yake ya kunipendekeza cheti changu cha darasa la saba hakitoshi.

Alichukua karatasi, akaandika barua, akanisomea: "Alikosea, akagundua mwenyewe, akarekebisha."

Barua ninayo. Lakini miaka mitatu ya chuo, halafu nipangiwe zahanati ya mbali, mganga ni mimi mwenyewe, bila mtu wa kumsubiri arudi...

Naogopa sana. Jumatatu nitakwenda.